Kigoda cha Wageni

Bi Mwasiti alipiga hodi ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa subira, na ya tatu kama mtu aliyekwisha kuudhika. Viatu alikuwa amevivua na kuvipanga nje ya kizingiti, na mkononi ameshika bakuli la karanga za kukaanga, ingawa alijua fika kwamba dada yake hana tena meno ya kuzitafuna wala tumbo la kuzitia. Lakini mtu haendi ugenini mikono mitupu.

Chumba kilinyamaza. Kilikuwa chumba kidogo, na hakikuwa na kitanda. Kulikuwa na mkeka karibu na mlango, kigoda cha mninga cha miguu mitatu katikati, na ukutani, pale ambapo wengine wangetundika picha, kulikuwa na kisahani cha shaba chenye matundu kama kichujio cha chai. Nyuma ya kisahani hicho ndiko alikoishi Bi Chausiku tangu mwili wake ulipozikwa. Sauti yake, akili yake, kumbukumbu zake zote zilizochotwa alipokuwa mgonjwa, zilikuwa humo.

"Haya," Bi Mwasiti akasema. "Hodi tatu zimekwisha."

"Mama mdogo, ngoja kidogo," Mwajabu akamwomba. Alikuwa amekaa mkekani, nyaya mbili mkononi.

"Ningoje nini? Nisimame mlangoni pa mtu kama mwizi? Tumefunzwa, ukipiga hodi tatu usijibiwe, rudi ulikotoka. Mama yako ana maringo siku hizi. Wewe anakujibu?"

"Mimi ananijibu."

"Basi mimi ndiye niliyemkosea. Karanga hizo kula wewe, maana yeye hazimfai na mimi zimenishinda."

Akaweka bakuli chini, akavaa viatu vyake, akaenda zake huku kanga ikiburuzika upande mmoja. Mwajabu hakumfuata, kwa sababu nyaya alizoshika zilikuwa zimechomekwa chini ya kisahani, na kifaa kilichokuwa magotini pake kilikuwa bado kinafanya kazi. Kazi yake humo Makao ilikuwa kupima ngoja: kila mkaazi anapoulizwa jambo, je, anachelewa kiasi gani kujibu, na anacheleweshwa na nini. Siku zote alipima vyumba vya watu wengine. Cha mama yake alikuwa akikiruka, kwa kuwa yeye hakupata kumwona mama yake akichelewa.

Alikuwa anakunja waya wa kwanza aliposikia sauti.

"Karibu! Karibu Mwasiti, karibu mdogo wangu. Pita, kaa kwenye kigoda. Nisamehe, nilikuwa nakutengea pa kukaa."

Mwajabu akageuka kuangalia mlango. Nje geti lilikuwa linajifunga.

"Mwasiti? Mbona hukai?"

"Ametoka kidogo, mama," Mwajabu akasema. "Atarudi."

"Mwambie asikawie. Nimeshamtengea."

* * *

Makao yalijengwa juu ya chemchemi ya Kondoa, kwa sababu mtambo uliohifadhi akili za marehemu ulikuwa na joto kama tanuri la matofali, na maji ya chemchemi ndiyo yaliyoupoza. Zamani familia chache zilichangishana zikaununua, na wakaazi walikuwa wachache, kila mmoja amejinafasi. Kisha kila aliyefiwa akamtaka wake awekwe humo. Nani angemwambia mwenzake wako asiingie? Basi wakasogezana, wakasogezana, hadi chumba cha kila mmoja kikabaki kinamtosha kwa kubana viwiko.

Na ninaposema chumba, si hiki cha ukuta na mlango. Chumba chenyewe ni ile nafasi mtu aliyopewa ndani ya mtambo ya kuwekea anayoyakumbuka. Anayegawa nafasi hizo ni kiini cha mtambo, ambacho hakilali wala hakina upendeleo. Ukitaka kukumbuka jambo na chumba kimejaa, lazima jambo jingine lipishe.

Lubuva, fundi wa Makao, alikitazama kifaa cha Mwajabu akiwa amekishika mbali na macho kama mzee anayesoma barua, maana miwani yake alikuwa ameikalia juzi. Mke wake alikuwa wa ukoo wa kina Mwajabu, kwa hiyo walitaniana kwa ushemeji.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, shemeji," akasema. "Hii ya mama yako itaumiza hata la mpimaji."

"Acha utani leo. Nisomee."

Kifaa kilikuwa na mistari mitatu. Mweupe ulipanda mkaazi alipokuwa anangoja zamu yake ya kufikiri. Wa buluu ulipanda alipokuwa anangoja kumbukumbu iletwe kutoka ghalani, kule chini kwenye ubaridi, yanakowekwa yasiyoguswa muda mrefu. Mweupe wa Bi Chausiku ulikuwa umelala. Wa buluu ulikuwa umeinuka kidogo tu. Mwekundu ndio uliokuwa umesimama kama mlingoti.

Lubuva akakoma kucheka. "Huyu hasinzii, wala hajachoka. Anapangua."

"Anapangua nini?"

"Nyumba yake. Sikiliza. Kiini kina mfagiaji wake, anapita polepole vyumbani akiondoa vilivyokaa bila kutumiwa, ili mtu akitaka nafasi aikute tayari. Siku hizi mfagiaji amezidiwa, wakaazi ni wengi. Sasa akizidiwa, kiini kinamwambia yule yule anayetaka nafasi: toa mwenyewe, ukimaliza utaendelea. Mpaka amalize, haruhusiwi kumjibu mgeni hata neno. Mgeni akipiga hodi, mama yako anataka kumkumbuka ni nani, wa ukoo gani, waliachana wapi. Hayo yote yanataka pa kukaa. Kwa hiyo anaanza kuhamisha vyombo, na mgeni huku nje anahesabu hodi zake tatu anaondoka."

"Na vyombo anavihamishia ghalani. Vitarudi."

Lubuva akapangusa kioo cha kifaa kwa kidole gumba, ingawa hakikuwa na vumbi. "Ghala limejaa tangu masika, shemeji. Kinachokosa nafasi ghalani hakirudi."

Nje wanawake walikuwa wanateka maji, na mmoja wao alikuwa anamgombeza mtoto kwa kumwaga.

"Mwongezee chumba," Mwajabu akasema.

"Nikimwongezea yeye shubiri moja, yule mtoto wa chumba cha jirani atapungukiwa shubiri moja. Unataka?"

Mwajabu alimjua mtoto huyo. Mama wa mtoto yule huja na kisosi cha asali kila Ijumaa na kukirudisha kimejaa.

"Mimi mbona ananijibu papo hapo?"

"Wewe humpigii hodi. Wewe ni mtoto wa nyumba, unaingia tu unakaa mkekani. Kiini huanza kutoa kile kisichoguswa. Wewe unamgusa kila siku."

* * *

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula." Hakuwa amekula. "Mama, nataka kukuuliza. Mgeni akija, unatoa nini?"

Bi Chausiku akacheka kile kicheko chake cha puani. "Mtoto gani huyu anayeuliza mambo ya uvunguni? Natoa kilichopo. Alipokuja yule bibi wa msikitini nilitoa kinu. Kinu kinakula nafasi bure, nani anatwanga siku hizi? Mwasiti alipokuja nimetoa kabati."

"Ndani ya kabati mlikuwa na nini?"

"Vitu vya zamani."

Mwajabu akashika ncha ya mkeka akaanza kuifumua bila kujua. "Baba aliitwaje, mama?"

Mwajabu akakiangalia kifaa: mwekundu umelala, mweupe umelala, wa buluu umelala. Hakukuwa na kungoja kokote. Hakukuwa na cha kuletwa.

"Baba yako," Bi Chausiku akasema taratibu, "nadhani alikuwa kabatini."

Mwanamke huyu alipokuwa hai alijulikana Kondoa nzima kwa jambo moja. Hakuwa na mali, na uji wake wa uwele ulikuwa wa kawaida tu. Lakini mgeni akipiga hodi kwake, hakuitika kwanza. Kwanza angekusanya nguo, angesukuma beseni la maji machafu mvunguni, angetandika, angepangusa kigoda kile cha mninga kwa upindo wa kanga, ndipo aseme karibu. Majirani walijua, wakangoja wakicheka. "Karibu isiyo na pa kukaa ni tusi," ndivyo alivyowaambia watoto wake. Na kigoda kile mtoto hakukikalia hata kwa bahati mbaya. Mwajabu alikwisha kuchapwa kwa kukikanyaga. Mtoto hukaa chini, na wageni wakizidi, mtoto huinuka.

Sasa majirani wale waliojua walikuwa wamekwisha kufa, au walikuwa humo humo Makao wanapangua vya kwao.

"Mama, nakuomba kitu. Mgeni akija tena, usipangue."

"Akae wapi?"

"Asimame."

"Mwajabu!" Sauti ilikuwa ile ile iliyomrudisha kutoka mtoni utotoni. "Mimi mgeni asimame mlangoni kwangu?"

"Na vitakapokwisha vya kutoa, mama?"

"Haviishi. Nyumba haikosi cha kusogeza."

* * *

Sheria ya Makao ilisema hivi: mkaazi asiyeitika hodi tatu za shahidi asiye wa damu, mara tatu, amenyamaza. Chumba chake hufungwa, husomewa dua, na nafasi hupewa anayengoja. Ilikuwa sheria ya huruma ilipotungwa, ili watu wasiendelee kuzungumza na ukuta mtupu. Ushahidi wa mtoto haukupokelewa, kwa sababu mtoto husikia anachotaka kusikia. Mashahidi wawili walikwisha kumpigia hodi Bi Chausiku na kuondoka kimya kimya. Wa tatu angefika Alhamisi, mkaguzi kutoka Dodoma, jina lake Bwana Degera.

Siku moja kabla, Lubuva alimwita Mwajabu kwenye chumba cha mtambo, akamvutia ndoo aikalie. Hakumwita shemeji.

"Nimepima kilichobaki chumbani mwake," akasema. "Ni wewe tu."

"Mimi tu vipi?"

"Umejaa ukuta hadi ukuta. Vingine vyote amekwisha kuvitoa kwa wageni. Kuna lugha, kuna adabu, kuna jina lake, hivyo ni nguzo, havitoki. Kilichobaki ni wewe."

Mwajabu aliinamia vidole vyake vya miguu. "Nikaze. Mnajua kukaza kumbukumbu isitoke. Nikaze pale nisitoke."

"Naweza. Lakini nikikukaza atakosa cha kutoa, na asipopata nafasi hataitika kabisa, hata mkaguzi angoje mpaka jioni. Watamfunga." Akajikuna kidevu. "Nisipokukaza, naye mkaguzi akipiga hodi zake tatu akaenda, watamfunga pia papo hapo, kabla hajamaliza kukutoa; atakwenda na wewe. Na mkaguzi akingoja..."

"Akingoja, ataitika."

"Ataitika."

Kisha Lubuva akasema, "Mimi sitamwambia mkaguzi neno. La kungoja au la kutongoja, hilo ni lako na mama yako."

Mwajabu hakwenda kumuuliza mama yake. Alijua angejibiwa nini.

* * *

Bwana Degera alikuwa kijana mpole, suruali yake imepigwa pasi ikakaza, na viatu vyake vilikuwa vya kamba. Alichuchumaa kizingitini akazifungua moja moja.

"Pole na kazi, dada."

"Asante. Karibu."

"Nikianza, wewe usiseme chochote. Nadhani unajua."

"Najua."

Mwajabu alikuwa mkekani, kifaa magotini. Lubuva alikuwa dirishani, anajifanya anafuta kioo.

"Hodi," akasema Bwana Degera.

Mwekundu ukaanza kupanda.

"Hodi hapa."

Ukapanda zaidi.

"Hodi, wenyewe!"

Kisahani cha shaba kikanyamaza. Bwana Degera alisimama kidogo, mikono mbele, kama mtu aliye msibani. "Nasikitika, dada," akasema, akarudi kizingitini, akavuta kiatu cha kulia.

Kilichobaki kilikuwa kukaa kimya tu. Hata dhambi isingeonekana, kwa sababu sheria yenyewe ndiyo iliyomtaka asiseme. Mama yake angefungwa akiwa na mtoto wake ndani. Kulikuwa na siku pazia la buluu lilipokatwa likawa gauni la shule, shingo ikakaa upande, na mama akalia kwa kicheko. Kulikuwa na homa ya utotoni ambayo Mwajabu mwenyewe haikumbuki, alibebwa mgongoni kutoka Kolo mama akiimba ili asilale. Kulikuwa na neno la kwanza alilolisema, ambalo mama alikataa kumwambia ni neno gani, akisema atamwambia akiwa mkubwa. Hayo hayakuwa na mahali pengine popote duniani. Ghala lilikuwa limejaa.

Bwana Degera alikwisha kufunga kiatu cha kulia. Akavuta cha kushoto.

Mwajabu akakitazama kifaa. Mwekundu ulikuwa bado unapanda. Humo ndani mwanamke alikuwa anahangaika, anasukuma, anapangusa, anatafuta cha kuondoa ili mtu asiyemjua apate pa kukaa. Na mtu huyo alikuwa anafunga kamba. Katika maisha yake yote, hakuna mgeni aliyepata kuondoka mlangoni pa Bi Chausiku bila kukaa, ila hapa Makao, na mwenyewe hakuwa anajua kwamba wanaondoka.

"Bwana Degera," Mwajabu akasema. "Usiende. Anakuja."

"Dada, nilikuomba usiseme. Sheria ni hodi tatu."

"Hodi tatu zinamwambia mgeni arudi kwake. Hazikusema mwenye nyumba azikwe." Akakigeuza kifaa kielekee mlangoni. "Hebu tazama mstari huu. Aliyenyamaza hana mstari, umelala. Huyu anakutengea pa kukaa."

Kijana alitazama. Kamba zilikuwa bado mkononi.

"Atachukua muda gani?"

"Mpaka amalize."

Bwana Degera akatazama nje, kisha akatazama mwekundu ule unaopanda. Akafungua kamba za kushoto, akafungua za kulia, akaingia tena kwa soksi na kusimama karibu na ukuta. Dirishani kitambaa cha Lubuva kilikuwa kimesimama.

Walingoja. Mwekundu ukafika juu kabisa, ukatulia pale. Ndipo sauti ikaja, lakini haikuwa ya kumkaribisha mtu. Ilikuwa ya chini, ya haraka, ile ambayo mama humsemea mtoto sikioni watu wasisikie.

"Mwajabu. Inuka mwanangu, mpishe mgeni."

"Ndiyo, mama," Mwajabu akasema.

Akainuka. Akaukunja mkeka, akausimamisha pembeni, kama alivyofunzwa. Mwekundu ukaanguka mara moja.

"Karibu, baba!" Sauti ilikuwa nyepesi, imechangamka, kama ya mtu aliyetua mzigo. "Karibu, pita ndani. Kaa kwenye kigoda hicho. Unisamehe nimekuchelewesha, nilikuwa natenga."

Bwana Degera akakaa. Kigoda kilikuwa cha chini, magoti yakamfika kifuani. "Hujambo, mama?"

"Sijambo, baba. Za utokako?"

"Njema." Sheria ilimtaka aulize swali moja zaidi. "Hapa nyumbani unaishi na nani?"

"Peke yangu, baba," Bi Chausiku akasema. "Ila nyumba ina nafasi."

Kijana akainua macho kumtazama Mwajabu, akitaka kutabasamu kwa ajili yake, na tabasamu likamfia mdomoni. "Ameitika, dada," akasema polepole. "Nitaandika ameitika."

Mwajabu alitikisa kichwa kukubali, akatoka. Alisimama nje ya kizingiti miguu mitupu, karibu na vile viatu vya kamba. Maisha yake yote alikuwa akiingia kwa mama yake bila kubisha, na sasa hakujua ni sauti gani mtu hutumia.

"Hodi," akasema.

"Karibu!" Lilikuja kabla hajafunga mdomo. Kifaa alichokiacha sakafuni hakikusogeza mstari wowote. "Karibu mwanangu, pita. Binti wa nani wewe?"

"Wa hapa hapa, mama."

"Basi usisimame mlangoni. Ingia, kaa."

Bwana Degera alikwisha kuinuka. Akakipangusa kigoda kwa kiganja chake, akajisogeza ukutani. Mwajabu akaingia, akakaa juu yake kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kigumu, na cha chini kuliko alivyodhani.